Kiota cha Pili

Mayai yalikuwa matatu, meupe yenye madoa ya kahawia, na kwa ajili yake kiwanda kizima cha samani kiliambiwa kinyamaze.

Siku hiyo tulitaka kushusha rundo la mbao kavu lililo nyuma ya banda la vanishi. Mbao zile zilikuwa zimekaa mwaka mzima zikikauka na tayari zilikuwa na kazi yake: meza arobaini za hoteli. Fundi mmoja akapanda juu, akainua ubao wa kwanza, halafu akaurudisha taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani.

"Kuna mwenyewe huku," akasema.

Mwenyewe alikuwa ndege mdogo wa kijivu, kifua cha manjano, mkia mfupi kama uliokatwa kwa mkasi. Hakuruka. Alitutazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akatutazama kwa jicho la pili, kana kwamba hakuamini aliyoyaona kwa lile la kwanza. Mtu akapiga picha kwa simu, picha ikasafiri, na kabla hatujala chakula cha mchana Afisa wa Wanyamapori alikuwa langoni, mkoba mkononi, utepe mwekundu na mweupe begani kama mwenye kwenda kufungua daraja.

"Ndege hawa wamebaki wachache," alituambia kwa kunong'ona. "Mkiwakusanya wote walioonekana mwaka jana, basi moja halijai."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akazungushia utepe rundo la mbao, akagongomea bango kwenye nguzo, na wenzangu wakanisukuma mbele nilisome. Kiwandani wananiita Msomi. Shule niliiacha nikiwa mdogo, sasa nasoma darasa la jioni, na jina hilo walinipa kwa utani mpaka likaniganda.

Nikasoma kwa sauti: "Kiota hiki kinalindwa kisheria. Yai lililotagwa linahesabiwa sawa na ndege mzima. Ni kosa kulivunja, kulihamisha, au kulisumbua kwa kelele, moshi au kemikali. Adhabu ni faini au kifungo."

"Yaani nikipasua yai nafungwa?" aliuliza mpiga msasa.

"Sawa na aliyeua ndege," Afisa akajibu.

"Hata kama ndani ni ute mtupu?"

"Hata kama limetagwa jana."

Mkono wangu ukaenda wenyewe tumboni. Nikautoa haraka. Mimba yangu ilikuwa na miezi minne, na pale kazini aliyejua alikuwa Mama Mito peke yake, mkuu wa chumba cha kushonea foronya na viti. Alijua kwa sababu Mama Mito hafichwi kitu. Alinitazama nikipanda ngazi siku moja akasema, "Mwanangu, umeanza kushika ukuta," basi.

Ndege tukampa jina siku hiyo hiyo. Tulimwita Mheshimiwa, maana akiwepo watu wanatembea kwa ncha za vidole na hakuna anayembishia.

Afisa alihitaji mtu wa kuandika habari za kiota asubuhi na jioni. Vidole vyote vikanielekea mimi. Akanikabidhi kitabu kikubwa chenye kurasa za namba na karatasi za kaboni, akanifundisha pale pale, tumechuchumaa kando ya mbao kama watoto wanaocheza.

"Kila ukurasa unatoa nakala tatu. Ya juu yangu, ya pili ya Meneja, ya tatu inabaki kitabuni mpaka kifungwe, halafu ni yako wewe mlinzi wa kiota. Hapa unaandika mayai mangapi. Hapa yaliyopotea. Hapa hali ya mama. Na hapa," akagonga safu ya mwisho kwa kidole, "hatari iliyo karibu. Ukikosea usifute wala usichane. Piga mstari mmoja, tia sahihi."

"Na hatari nikishaiandika?"

"Kiwanda kinaijibu. Kwa maandishi. Hatari isipojibiwa kitabu hakifungwi, na kitabu kisipofungwa mbao hizi hazitoki hata kijiti."

Jioni ile ile niliandika hatari ya kwanza: paka wa mlinzi wa lango. Kesho yake jibu likaja, limetiwa sahihi: paka amehamishiwa nyumbani kwa mlinzi. Nikaandika ya pili: jenereta. Jenereta likasukumwa na watu sita mpaka upande wa pili wa uwanja. Nikaandika ya tatu: vanishi inapuliziwa hatua chache kutoka kwenye mayai. Nilipoandika hiyo nilifurahi sana, kwa sababu mpulizaji wa vanishi ni mimi, nikadhani nimejipatia mapumziko.

Kumbe nimejichimbia.

Jibu la Meneja lilikuwa fupi: upuliziaji umehamishiwa stoo ya ndani. Banda la zamani lilikuwa wazi pande tatu, upepo ukipita unavyotaka. Stoo ilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja dogo, juu, kama jicho la aliyekonyeza. Siku ya kwanza nilipulizia makabati mawili, nikatoka nje nikiona nguzo moja ya taa kama mbili. Siku ya pili nilitapika. Nilijifunga kitambaa chenye maji juu ya barakoa, lakini harufu ya vanishi, na ya tina tunayoizimulia, ilinifuata mpaka nyumbani, ikalala nasi kitandani.

"Leo umenuka kabati jipya," mume wangu alisema akivua viatu. Yeye ni mwoka mikate, anarudi na unga kwenye nyusi.

"Na wewe umenuka mkate."

"Afadhali mkate. Kabati halina siagi."

Tukacheka, lakini wote wawili tulikuwa tunawaza jambo moja.

Mwaka jana tulipoteza mtoto. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Daktari hakusema ni vanishi. Hakusema pia kwamba si vanishi. Alisema mambo haya hutokea, akanigusa bega, akaita anayefuata. Mume wangu alikwenda ofisi ya usajili kutafuta karatasi, karatasi yoyote yenye kusema kwamba alikuwepo mtu. Karani alikuwa mwema, alifungua madaftari mawili, akayafunga. Akamwambia: hapa tunaandika waliozaliwa na waliokufa, wa kwako hakuzaliwa akiwa hai, kwa hiyo hata kuandikwa amekufa hawezi. Mume wangu akarudi, kofia mkononi, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wanasema hakuwepo," aliniambia.

Nilikuwa na maziwa kifuani, yanatoka kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo.

Ndiyo maana bango lile la ndege liliniingia kama mwiba. Sikumchukia Mheshimiwa. Kila asubuhi nilipomwona amejaa juu ya mayai yake, manyoya yamefutuka, nilimpenda. Lakini nilimwonea wivu, sitaficha. Wivu mdogo, ule unaomwonea jirani aliyewekewa umeme wakati nguzo imepita mlangoni kwako.

Nikalipeleka swali darasani. Mwalimu wetu wa jioni ni mama wa makamo anayefundisha na miwani juu ya kichwa.

"Mwalimu, yai la ndege ni ndege. Mtoto wa tumboni ni nani?"

Mwalimu akashusha miwani.

"Kwa sheria zetu? Mtu anaanza kuhesabiwa akizaliwa hai. Kabla ya hapo ni sehemu ya mama yake. Wakubwa wanabishana sana juu ya jambo hili, na wengine wanabishana bila kumtazama mama wala mtoto."

"Sikuja kubishana, Mwalimu. Nauliza tu nani anamzungushia utepe."

"Kuna likizo ya kujifungua."

"Hiyo ni akishatoka."

"Kabla ya hapo," alisema polepole, kama anayeonea aibu anachokisema, "imeachwa kwenye busara ya mwajiri."

Basi nikaifuata hiyo busara. Nesi wa kliniki aliniandikia barua, nikapiga moyo konde nikagonga mlango wa Meneja.

"Kama ni habari za ndege, nimeshiba ndege," alisema bila kuinua macho.

"Si ndege, Bosi. Ni mimi."

Akaisoma barua mpaka mwisho. Si mtu mbaya, Meneja wetu. Sauti yake ilishuka.

"Hongera, binti."

"Asante, Bosi."

"Sasa nikikutoa wewe, nani anipulizie? Wengine wote wananiachia vanishi ikitiririka kama machozi kwenye mbao. Wewe una mkono. Halafu kesho atakuja wa mgongo, keshokutwa wa goti." Akaigeuza barua kunielekea. "Na nesi mwenyewe ameandika 'inashauriwa'. Umeona? Ni ushauri. Ile pale," akanyoosha kidole dirishani, utepe ulikokuwa unapepea juani, "ile ni sheria. Umewahi kuniona nabishana nayo?"

"Sijaona."

"Basi."

Kuacha kazi tuliizungumza, mimi na mume wangu. Lakini mkataba wangu ni wa muda, na pale kiwandani ukinyanyuka kiti kinakaliwa kabla hakijapoa. Nikasema nitavumilia. Nilikuwa nimesema hivyo hivyo mwaka jana.

Siku ya nane ya kupulizia ndani, niliamka na kichwa kinagonga. Nikafika mapema, nikachuchumaa kando ya mbao na kitabu changu. Mheshimiwa alisimama kidogo, akayageuza mayai yake kwa mdomo, moja moja, kwa uangalifu kama mtu anayegeuza maandazi kwenye mafuta, kisha akakaa tena. Na hapo hapo, chini ya kitovu changu, mtoto akacheza. Mara ya kwanza. Kitu kidogo sana, kama samaki aliyepiga mkia mara moja akatulia.

Nilibaki nimeshika kalamu hewani. Nilimwambia kwa sauti, "Nimekusikia." Mheshimiwa akanitazama kwa jicho moja.

Nikafungua ukurasa mpya, namba kumi na tisa. Nilijua ninachokifanya, sitasema kalamu iliteleza. Niliandika hivi:

Kiota: cha pili. Mahali: stoo ya ndani. Mayai: moja. Yaliyopotea: moja. Hali ya mama: anakula kidogo, ana kizunguzungu. Hatari iliyo karibu, namba nne: vanishi na tina, kutwa nzima, dirisha moja.

Nikatia sahihi. Nikapeleka nakala ya juu kwenye sanduku la Afisa langoni, ya pili mezani kwa Meneja, ambako karatasi za ndege alikuwa anazirundika bila kuzisoma.

Kesho yake Afisa alikuja mbio na ngazi begani. Sijapata kumwona mtu mzima amefurahi vile.

"Cha pili!" alimnong'oneza Meneja mlangoni mwa stoo, akimshika mkono. "Unajua maana yake? Viota viwili kwenye uwanja mmoja! Haijawahi kutokea!"

"Cha pili?" Meneja alikauka. "Afisa, kesho watataga kwenye droo yangu."

Afisa akaingia stooni kwa ncha za vidole, mimi niko ndani na bunduki ya kupulizia mkononi. Akaegemeza ngazi, akapanda, akatazama juu ya makabati, kwenye kenchi, nyuma ya dirisha. Akakohoa. Macho yakaanza kumtoka machozi ya vanishi.

"Ndege gani anaweza kuishi humu?" akasema huko juu, akijiuliza mwenyewe. Kisha kwangu: "Mlinzi, kiko wapi?"

Nikazima kompresa. Nikavua barakoa na kile kitambaa cha maji. Nikaweka mkono tumboni.

"Hiki hapa, Afisa."

Alikaa juu ya ngazi muda mrefu. Kisha akashuka, akatoa nakala yake mfukoni, akaisoma upya kuanzia juu. Kidole chake kikasimama katikati.

"Na hili lililopotea?"

"La mwaka jana. Miezi mitano."

Akavua kofia. Meneja nyuma yake alikuwa anavimba.

"Huu ni mchezo! Kitabu cha serikali anaandika mambo ya tumbo lake! Afisa, ichane hiyo."

"Haichanwi. Kurasa zina namba." Afisa akanigeukia. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa mzigo akiwa hana mikono. "Dada, nimetafuta kichwani tangu nilipokuwa juu ya ngazi. Ninayo sheria ya ndege. Ninayo ya kobe. Ninayo ya nyoka mmoja ambaye hata mimi sijawahi kumwona. Yako sina."

"Najua, Afisa."

"Unajua? Basi mbona umeandika?"

"Kwa sababu kitabu hiki kinajibiwa."

Akanitazama. Akafungua mkoba, akatoa mhuri, akaupuliza, akaugonga juu ya ukurasa wa kumi na tisa: IMEPOKELEWA.

"Hatari namba nne," alisema, "inasubiri jibu la kiwanda."

"Itasubiri sana," Meneja akasema, akatoka.

Ikasubiri. Lakini habari ikawa imezagaa, na chumba cha kushonea kikaingilia kati kwa njia yake. Kila baada ya muda Mama Mito alisimama mlangoni mwa stoo na kuita, "Msomi! Njoo unihesabie vifungo!" Nikaenda, nikakaa karibu na dirisha lake kubwa, nikahesabu vifungo kwenye bakuli. Baada ya saa moja nikarudi stooni. Baadaye tena: "Msomi! Vifungo!" Vilihesabiwa mara nne kwa siku mpaka nikahisi vinanijua kwa sura.

"Mama, havijaongezeka wala kupungua."

"Na wewe je? Umeongezeka? Haya, hesabu."

Meneja alipita akatuona. Akatazama dari, akaendelea na safari yake. Lakini jibu hakuandika. Alikuwa anangoja siku moja tu: mayai yaanguliwe, makinda waruke, kitabu kifungwe, na maneno yangu yafungwe humo humo.

Makinda wakaanguliwa, watatu wote, wabaya kama vidole vya mguu, midomo wazi. Mtoto wangu naye sasa alicheza kila asubuhi. Mheshimiwa alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mdomo umejaa. Manyoya yakaota. Kinda wa kwanza akaruka siku ya Jumatatu, wa pili Jumatano. Wa tatu alikuwa mvivu, au mwoga, na mimi nikawa namwombea uvivu. Kaa, mwanangu, nilimwambia. Huna haraka. Kuna nini huko nje?

Ijumaa asubuhi lori lilikuwa limeshawasha injini langoni kungoja mbao. Kinda yule akatoka mpaka ukingoni mwa ubao. Akarukia utepe, utepe ukamyumbisha, akaanguka kidogo, akajishika hewani, akaenda zake juu ya paa.

Nilikuwa na kitabu magotini. Hakuna mwingine aliyeona. Ningeandika: kinda mmoja bado yupo. Maneno manne tu, nami ningepata wiki moja zaidi, labda mbili. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukatengeneza nukta nene kwenye karatasi. Lakini kama ningedanganya kwenye mstari wa ndege, nani angeuamini mstari wangu?

Nikaandika: makinda wote wameruka. Kiota kitupu.

Saa nne Afisa alifika kufunga kitabu. Wafanyakazi walisogea, wengine wanajifanya wanafagia. Akakalia ubao, akapindua ukurasa baada ya ukurasa.

"Hatari namba moja, paka. Jibu lipo. Namba mbili, jenereta. Lipo. Namba tatu, vanishi karibu na kiota. Lipo." Akapindua. "Namba nne."

Langoni lori lilikuwa linanguruma.

"Namba nne haina jibu, Meneja. Kitabu hakifungwi."

"Afisa, lori linachoma mafuta. Yule si ndege!"

"Angekuwa ndege nisingekuja na kalamu. Ningekuja na askari."

Mpiga msasa akaguna nyuma yangu. Meneja akajifuta jasho.

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Jibu lolote. Sina mamlaka ya kukupangia. Andika 'halituhusu', ukitaka. Nitagonga mhuri na mbao zako zitoke sasa hivi. Ila utaandika kwa mkono wako, chini ya maneno yake, na utatia sahihi."

Meneja akachukua kalamu kwa hasira. Akaupakata ukurasa wa kumi na tisa, na hapo nadhani ndipo alipousoma kwa mara ya kwanza. Niliona midomo yake inatembea. Kalamu ikafika kwenye karatasi, ikainuka.

"Yaliyopotea moja," alisema chini chini. "Mwaka jana. Ndiyo zile siku tatu ulizoomba ruhusa?"

"Ndiyo, Bosi."

"Mimi niliandika homa."

"Ndiyo, Bosi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikosa pa kuandika."

Hakuna aliyefagia tena. Meneja akakaa kwenye ubao kando ya Afisa, nguo zake nzuri na vumbi lile. Akaandika polepole kama anayechonga. Alipomaliza alinipa nikague, kana kwamba mimi ndiye mwalimu.

"Mfanyakazi huyu amehamishiwa chumba cha kushonea kuanzia leo mpaka atakapojifungua. Stoo ya ndani isitumike kwa vanishi. Upuliziaji urudi kwenye banda la wazi." Na chini yake sahihi, kubwa, imekwenda upande.

"Nani sasa atanizuilia machozi kwenye mbao?" aliuliza, akitazama viatu vyake.

"Nitamfundisha mtu, Bosi. Kwa mdomo, kutoka mbali. Kule upepo unakotoka."

Afisa akagonga mhuri wa mwisho. Akaanza kuukunja utepe, na kwa wiki tano tulikuwa tunanong'ona, kwa hiyo Mama Mito alipopiga kigelegele tuliruka wote, hata dereva wa lori alipiga honi bila kujua kwa nini. Juu ya paa kitu kidogo cha kijivu kiliruka kikahamia mti wa jirani.

"Msomi!" Mama Mito aliita. "Na vifungo?"

"Nakuja, mama."

Nyumbani, jioni, mume wangu alinikuta nimeweka nakala ya tatu juu ya meza, ile ya mlinzi wa kiota, maandishi yake ya buluu ya kaboni yamefifia kidogo pembezoni. Alitaka kuishika. Akaangalia mikono yake, akaenda kunawa unga kwanza, akaikausha kwa shati. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Jibu la Meneja alilisoma mara mbili, akashusha pumzi ndefu. Kisha akarudi juu, kidole kikasimama pale kilipokuwa kimesimama cha Afisa.

"Yaliyopotea, moja," alisoma. "Hata yeye?"

"Hata yeye."

"Kwenye kitabu cha serikali?"

"Ukurasa wa kumi na tisa. Una mhuri."

Akainuka, akaleta lile kopo la biskuti tunamowekea kadi za kliniki, ya mwaka jana na ya mwaka huu. Nikataka kuikunja karatasi iingie.

"Usiikunje," alisema. Akatafuta kitabu kipana kati ya vitabu vyangu vya darasa la jioni, akailaza humo imenyooka, akakifunga kwa viganja viwili.

Mtoto akacheza, kwa nguvu safari hii.

"Leta mkono," nikamwambia. "Upesi, kabla hajatulia."

Akauleta, bado una harufu ya mkate.